Kreti za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Picha ya baba imetundikwa leo getini kazini, hapa tunapokagua na kufungasha maharage ya kusafirishwa nje. Kubwa! Inakaribia upana wa geti zima. Kashika maharage machanga kwa mikono miwili, anacheka mpaka pengo la pembeni linaonekana. Chini wameandika: TUNAKUA PAMOJA. Ilipigwa mwaka juzi, alipoitwa mkulima wa mfano akapewa buti na mwavuli. Mwaka huu hacheki hivyo. Mwaka huu, nikisema kweli, sijamwona hata akitabasamu.

Kilo kaniambia kuanzia leo nikifika kazini lazima niamkie geti. Shikamoo, geti! (Kilo ni shoga yangu, anakaa kwenye mzani. Jina lina sababu mbili, na zote mbili anazijua.) Tulicheka hadi meneja akatoka ofisini kuangalia kuna nini.

Mchana akatukusanya wote, makoti meupe na vikofia vya nywele, tukasimama kama wanafunzi. Oda zimeongezeka maradufu. Chumba baridi cha pili kitafunguliwa. Wageni wanakuja tarehe 19 kukagua. Halafu likaja lenyewe: wateja sasa wanataka maharage yaliyonyooka, sentimita kumi na mbili hadi kumi na nne, bila doa, bila kovu la mdudu. Mwaka jana walipokea hata ya kumi, na kapindo kadogo walikavumilia. Kipimo kinapanda, wakulima ni wale wale, mvua ndiyo hiyo ya kubahatisha.

Nilipiga makofi kama wengine.

Alhamisi, 6 Machi

Kreti za baba kumi na moja. Nimekataa saba.

Kwenye lebo hakuna jina, kuna namba tu, ili mkaguzi asipendelee. Baba ni 62. Lakini nani asiyezijua kreti za kwao? Mama huzifunga kamba ya katani, mafundo mawili, na hakuna mwingine anayefunga hivyo. Nimefungua. Yamepinda. Mengine yamekomaa mpaka punje zimejaa tumbo, maana yake yamechelewa kuchumwa siku mbili, tatu. Baba! Aliyekuwa akituingiza shambani umande haujakauka, na ukipiga miayo unaambiwa maharage hayasubiri mtu amalize usingizi.

Nilijaribu kuinamisha rula kidogo. Haikusaidia. Mhuri mwekundu, saba.

Zilizokataliwa lori huzirudisha njia panda. Nimempigia mama saa kumi. Kasema amempa jirani alishe ng'ombe wake. Nikauliza baba yuko wapi. Yuko. Anafanya nini?

"Yuko tu, mwanangu."

Nimeandika neno lile hapa maana alivyolitamka sijapenda.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya sampuli. Tunachagua wakulima kumi kwa kura, maharage yao yanakwenda maabara kupimwa mabaki ya dawa za wadudu. Nimevuta vikaratasi mimi mwenyewe kutoka kwenye kopo. Cha saba: 62.

Kilo alikuwa kando yangu. Alikohoa tu. Ningeweza kukirudisha. Hakuna ambaye angejua ila yeye, na yeye angekufa nalo.

Nimefunga mfuko. Nimeandika namba. Nimetia sahihi.

Jumatatu, 10 Machi

Makontena mawili kwa siku moja. Miguu imevimba. Sina la kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Majibu yamekuja. 62 imezidi kiwango mara mbili na nusu.

Meneja kaniita, kafunga mlango, kanipa kiti. Hajawahi kunipa kiti! Kaanza na pole. Kisha kasema kontena zima linaweza kurudishwa kutoka bandarini kwa ajili ya shamba moja, na kampuni ikipoteza mteja, wakulima mia tatu wanapoteza. Baba amefungiwa msimu mzima. Anachosema ni kweli. Ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vile vile, na hapo ndipo panaponiuma.

Kaniuliza: aende nani kumwambia, wewe au bwana shamba? Nikasema bwana shamba. Mwoga mkubwa mimi.

Nikauliza, na picha ya getini je? Akakuna shingo. Wageni wiki ijayo, kasema, hakuna muda wa kuchapisha nyingine. Ibaki kwanza.

Bwana shamba karudi saa tisa, pikipiki imejaa tope. Ni kijana wa kampuni, ana haraka kama watu wote wa pikipiki, lakini hana roho mbaya. Kasema aliomba daftari la kupulizia, baba akaleta bila ubishi. Ndani yake tarehe moja imeandikwa mara mbili, dawa ile ile, kipimo kile kile, mwandiko ule ule wa baba uliolala. Chini yake tena, kesho yake. Halafu wakachuma.

"Nikamuuliza, mzee, ulipulizia mara tatu? Kasema hakumbuki. Kasema akishika bomba hajui kama jana alilishika au hakulishika. Nikadhani ananitania."

Nikamwambia aendelee.

"Kauliza nani alivuta kura. Nikamwambia ni utaratibu. Kauliza tena." Akaangalia funguo zake. "Nikamwambia ni wewe, dada yangu. Nisamehe."

Jumamosi, 15 Machi

Nimekuja nyumbani. Naandikia jikoni, mama yuko nje anaanua nguo.

Njiani nilipanga maneno yote. Nitapiga magoti, nitasema ningeweza kukirudisha kile kikaratasi nikaogopa. Nilijiandaa kwa ukali wake, maana baba akikasirika hata kuku hujua. Nimemkuta mlangoni pa stoo, kakalia kreti iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Shati kafunga vifungo vya kupishana. Amekonda! Shingo imebaki kama ya mtu mwingine.

Shikamoo baba. Marahaba. Umefikaje? Nimefika salama.

Halafu: "Ulifanya kazi yako vizuri, mama." Huniita mama tangu nikiwa mdogo. "Usingevuta wewe angevuta mwingine."

Basi. Hakuna kelele, hakuna lawama. Alisema kama mtu anayemaliza mazungumzo na watu wote mara moja. Afadhali angenitukana.

Nimepita shambani. Robo tatu ya mistari haijaguswa. Maharage yananing'inia yamekuwa ya njano, makavu, mengine yamepasuka yamemwaga mbegu chini. Magugu hadi magotini. Mfereji wa maji umeziba kwa matope, na koleo limeachwa limesimama ndani yake, kama mtu aliyeitwa akaenda asirudi.

Mama kanieleza jikoni, mgongo kanipa, anaosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Baba usingizi hapati. Anaamka saa tisa, anakaa kitandani. Chakula anakoroga. Kanisani haendi tangu Januari, kwa sababu watu watamuuliza maharage yanaendeleaje. Wiki mbili hizi anashinda pale stoo, mlango wazi, hafanyi kitu. Na amekuwa mpole! Mama kasema hilo kama habari njema. Hagombani. Juzi kampa jirani bomba la kupulizia na buti zake, bure. Buti za zawadi!

Nikamuuliza: sasa yeye atatumia nini?

"Hata mimi nilimuuliza. Kanijibu, sitavihitaji. Nadhani amechoka na kilimo. Apumzike, kafanya kazi sana."

Nilikuwa nakata vitunguu. Kisu kikanisimama mkononi.

Juzi hiyo hiyo alimwonyesha mama hati ya shamba ilipo, na kitabu cha benki. Mama kashukuru, miaka yote alikuwa akimficha.

Mwaka jana kule bondeni kulikuwa na mkulima wetu mmoja. Namba 140. Walisema ni ajali, alikosea chupa. Sisi tulichanga rambirambi, tukatuma wawakilishi wawili na gari la kampuni. Hakuna aliyeuliza mtu aliyepulizia dawa miaka kumi na tano anakoseaje chupa. Jumatatu yake niliambiwa nifute jina kwenye kompyuta, na namba 140 ikapewa mkulima mpya. Nilifuta. Nilikunywa chai.

Mama anaingia.

Jumapili, 16 Machi

Nimemuuliza.

Asubuhi nilimwambia twende tukavune mbegu kwenye yale makavu, yasioze bure. Kaja, sijui kwa nini. Tulianza mwisho wa shamba, yeye mstari wake, mimi wangu, kama zamani. Mikono yake bado inajua kazi, inachuma yenyewe, ila kila baada ya hatua tano sita anasimama, anaangalia maganda kiganjani kama hajui yametoka wapi.

Sikuwa na maneno mazuri. Nikasema: "Baba, unafikiria kujiua?"

Nilidhani ardhi itapasuka, au atanipiga kofi. Alichuma ganda moja. Akachuma la pili.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akakaa chini, palepale kwenye tuta. Nami nikakaa. Kaanza kuongea akiwa anatazama udongo, polepole mno, na mara nyingine aliacha katikati nikadhani kamaliza. Kasema si maharage. Watu watadhani ni maharage. Kreti ziliporudi mara ya kwanza, mwaka jana, aliona aibu, akasema nitajitahidi. Akajitahidi. Zikarudi. Kila alipojifunza kipimo, kipimo kikahama. Halafu siku moja akaamka hasikii kitu. "Si huzuni, mama. Huzuni naijua, nilimzika mama yangu. Hii ni kama mtu kazima taa halafu akaondoka na nyumba." Anapulizia dawa hajui kwa nini. Anaona sisi wote tungepumua vizuri zaidi yeye asipokuwepo. Alisema hivyo bila machozi, kama anavyotaja bei ya mbolea.

Nikamuuliza: umepanga?

Akatazama upande wa stoo. Mara moja tu.

Sikumwambia asiseme hivyo. Sikumwambia ashukuru Mungu, wala kwamba wapo wenye shida zaidi. Nilimwambia sitapumua vizuri. Nilimwambia ukiondoka mimi sitaweza tena kufungua kreti ya mtu yeyote. Halafu nikalia kama mtoto, kamasi na kila kitu, na yeye ndiye aliyeanza kunipapasa mgongo! Tulikaa hapo hadi jua likawa kali.

Nikaomba ufunguo wa stoo. Kaushika mfukoni muda mrefu. Kanipa.

Mama nilipomwambia alinikatalia kabisa. Baba yako? Hapana! Amechoka tu, damu imepungua, mnunulie dawa za kuongeza damu. Usije ukatamka neno hilo mbele za watu, watasema nyumba hii ina kitu. Halafu akaingia chumbani akafunga mlango. Alipotoka alikuwa kavaa khanga nyingine na macho yamevimba. Kasema: "Jirani nitamwambia nini?" Nikasema usimwambie kitu. Kasema: "Basi nitakaa naye mimi mchana wote. Sitamwacha hata akienda chooni." Mama huyo!

Bwana shamba nilimpigia, kaja ingawa ni Jumapili. Alifikiri nataka kulalamikia kufungiwa. Nikamwambia ukweli, maneno manne. Alivua helmeti, akaishika mbele yake kama kofia msibani. Kisha akabeba chupa zote za dawa zilizokuwa stoo, nzima na nusu, akazifunga kwenye kreti akazipeleka stoo ya kampuni. Kabla ya kuwasha pikipiki kasema kwenye taarifa aliandika *mkulima ni mzembe*. Kesho ataifuta.

Kasema pia kila wiki anatembelea mashamba thelathini, na fomu yake ina maswali arobaini na mbili. Wadudu, majani, maji, mbolea, choo kipo au hakipo. Hakuna hata moja linalouliza mwenye shamba anaendeleaje.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekuja mara moja kazini kuomba ruhusa, mama yuko na baba. Nimepita chini ya ile picha. Sikuweza kuinua macho.

Zahanati wana nesi anayeshughulika na mambo ya mawazo na akili, anatoka mjini kila Jumatano tu. Nilimpigia simu. Ana sauti ya mtu asiye na haraka. Kasema nimefanya vizuri kuuliza, nimefanya vizuri kuondoa zile chupa. Asiachwe peke yake. Akizidiwa nisingoje Jumatano, nimpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Kanifanya nirudie.

Jumatano ni tarehe 19. Siku ya wageni.

Meneja kasema siku hiyo hakuna ruhusa, wakaguzi wote wanahitajika, wageni watataka kutuuliza maswali. Nikasema baba ni mgonjwa. Kasema pole, lakini hana ndugu mwingine wa kumpeleka? Nikasema: "Wageni wakimuulizia yule wa getini, waambie yuko zahanati na binti yake."

Alinitazama. Sijui kama nina kazi au sina. Kilo kanisindikiza hadi nje, kaniambia niende, atasimama kwenye rula mahali pangu, kupinda kwa maharage hata yeye anakujua.

Jumanne, 18 Machi

Baba amekubali. Mchana amekataa: hana kichaa, haendi kukaa na vichaa. Jioni amekubali tena, kwa masharti. Tupite njia ya nyuma.

Amekula vijiko sita vya uji. Mama kahesabu.

Jumatano, 19 Machi

Zahanati. Naandika kwenye benchi, daftari juu ya goti. Mikono inahitaji kazi.

Tumekuja kwa njia ya nyuma, tumefika saa mbili kasoro. Baba kanyoa, shati la bluu, vifungo kafunga mwenyewe, sawasawa. Chumba cha nesi kiko mwisho kabisa wa korido, baada ya stoo ya vitanda vibovu, mlango hauna kibao. Tumepewa kikaratasi cha zamu, namba nne. Mama upande wa kulia wa baba, mimi wa kushoto, tumembana kama askari.

Tulidhani hapatakuwa na mtu. Wapo!

Wanaume watatu na mke wa mmoja wao. Nawajua. Majina siyajui, namba ninazo: 17, 88, na yule mrefu mwenye kovu kidevuni ni 109, hushusha kreti zake mwenyewe kwa sababu hamwamini dereva. Alhamisi iliyopita nilimkatalia kreti tisa. Na wao wananijua. Walinyamaza wote mara moja, kama watoto mwalimu akiingia.

Salamu. Habari za nyumbani, nzuri, za shamba, tunashukuru. Baba anatazama sakafu. Wanamjua, nani asiyemjua, yuko getini.

Mke wa 17 ndiye aliyeanza kujieleza bila kuulizwa. Mume wake, kasema, amekuja kupima presha. 88 akadakia, hata yeye presha tu, inapanda na kushuka. 109 kaitikia kwa kichwa: presha. Mama, Mungu amsamehe, akasema upesi, na sisi pia, presha.

Presha inapimwa dirisha la mbele, pale penye foleni ndefu. Kila mtu hapa anajua. Kila mtu aliangalia ukuta.

Namba moja kaingia. Katoka, macho mekundu, kapita bila kuaga, mke wake nyuma. Namba mbili, 88, kaingia, katoka. Namba tatu ni 109, lakini nesi kaitwa wodini, tusubiri kidogo. Tukasubiri. Inzi mmoja. Ndoo ya deki. Simu yangu imetetemeka mara tatu, zote ni meneja. Sijapokea.

Halafu baba, bila kuinua kichwa, kasema:

"Mimi sikuja kwa presha."

Mama kamshika mkono. Hakuuondoa, lakini hakunyamaza.

"Mimi nilitaka kufa. Nilikuwa nimeshachagua siku."

Sauti yake ile ya kawaida. Si kubwa, si ndogo.

109 hakumtazama. Alikaa vile vile, viwiko kwenye magoti, mikono mikubwa imeshikana. Nilijua atainuka aondoke, na baba ataona, na hatasema tena maishani.

Hakuinuka. Kasogea. Benchi lile refu, kasogea mpaka bega lake likakaribia la mama, na mama akanyanyuka akampisha! Sasa wamekaa karibu, baba na 109, na mama amesimama ukutani kashika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Ilianza lini?" 109 kauliza.

"Mvua za mwaka jana. Zilipochelewa."

"Mimi kabla ya hapo."

"Unalala?"

"Silali, mzee wangu. Mke wangu hajui kama niko hapa. Kasema leo nikachume, nikamwambia naenda kununua kamba."

Nesi karudi, ni mwanamke mnene wa makamo, viatu vya raba. Kafungua mlango, kasoma kikaratasi, kaita namba tatu. 109 hajasimama. Kaita tena kwa upole, kisha namba nne. Baba naye hajasimama. Hawamsikii. Baba anamweleza habari ya kupulizia mara tatu bila kukumbuka, na 109 anaitikia eeh, eeh, hata mimi, na nesi ameegemea fremu ya mlango, kikaratasi mkononi, haiti tena, na mimi sijui kama niwashtue au niwaache waendelee.